Manifoldi ya Kuingiza Hewa katika Injini za Magari ya Zamani

Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa petroli na hewa. Ili petroli yote ipate kuungua, kila gramu 1 huhitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Manifoldi ya kuingiza hewa ndiyo inayougawa mchanganyiko huo kutoka kwenye kabureta hadi kwenye silinda. Kwa kuwa haina sehemu inayozunguka, husahauliwa upesi. Walakini ufa mdogo ndani yake waweza kuharibu injini nzima.

Mfano mzuri ni injini ya petroli ya Land Rover yenye silinda 4 na ujazo wa sentimeta za ujazo 2,286, iliyoanza kutumika mwaka 1958. Humo manifoldi ya hewa imeungwa na ile ya moshi, ili joto la moshi liyageuze matone ya petroli kuwa mvuke.

Dalili za kuvuja

Injini inapounguruma polepole, kanieneo ndani ya manifoldi huwa ndogo kuliko ya nje. Penye ufa, hewa isiyopimwa na kabureta hufyonzwa ndani. Mchanganyiko huwa na petroli chache mno, injini hutetemeka, na valvu za moshi zaweza kuungua.

Geji ya kupimia mvuto wa hewa, kwenye injini nzima iliyo usawa wa bahari, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Nairobi, kwenye mwinuko wa meta 1,700 hivi, kipimo hicho hupungua kwa inchi 5 au zaidi kidogo. Fundi asiyejua hivyo aweza kuishutumu injini isiyo na kosa.

Ufa hutafutwa kwa kupaka maji ya sabuni kwenye maungio: mlio ukibadilika, hapo ndipo panapovuja. Jaribio hili lifanywe injini ingali baridi, kwani maji yakimwagikia chuma cha kusubu chenye moto yaweza kukipasua. Petroli isitumiwe kamwe kwa kazi hii.

Kutengeneza

1. Nyuso za maungio zisafishwe, kisha zipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Zikiwa zimepinda, zisawazishwe kwa mashine. Gasketi nene si dawa ya kupinda.

2. Manifoldi mbili ziunganishwe kwanza kwa nati zilizolegea, zifungwe kwenye kichwa cha silinda, na mwisho nati za kuziunganisha zikazwe. Utaratibu huu ukigeuzwa, nyuso hazilingani, na chuma chaweza kupasuka.

3. Ufa katika alumini huchomelewa na fundi mwenye vifaa vya alumini, baada ya petroli na mafuta kuondolewa kabisa.

Kuchagua nyingine

Alumini ni nyepesi, lakini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Kwa hiyo nyuso na gasketi zake zahitaji uangalifu zaidi. Kuhusu njia za hewa, zilizo pana hufaa injini iendayo mbio sana. Katika mwendo wa polepole, hewa hupita humo taratibu na matone ya petroli huanguka. Njia nyembamba huiharakisha hewa, na injini huvuta vizuri mlimani na matopeni.

Kwa gari la kazi, basi, manifoldi ya asili iliyonyooka na isiyovuja ni bora kuliko mpya iliyokusudiwa mashindano.