Kiungulia Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Tumbo

Kwa kaya zinazozungumza Kiswahili, Lower West Side, Buffalo

Uzito umeshuka, nguo zinapwaya, majirani wanakupongeza. Lakini usiku ukilala, maji machachu yanapanda hadi kooni na unaamka ukikohoa. Wengi hunyamaza, wakidhani hiyo ndiyo bei ya kupungua. Usinyamaze. Kiungulia hiki kina sababu na kina tiba.

Kinatoka wapi?

Katika upasuaji wa slivu, daktari huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo. Kinachobaki ni chembamba kama ndizi. Hujaa upesi, shinikizo hupanda, na tindikali husukumwa juu kwenye umio, yaani njia ya chakula. Misuli inayofunga mlango wa juu wa tumbo nayo huweza kulegea. Upasuaji wa baipasi ni tofauti: kimfuko kidogo kinachobaki hutoa tindikali kidogo sana. Kwa hiyo mwenye kiungulia kikali amweleze daktari kabla ya upasuaji wowote kuchaguliwa. Aliyekwishafanyiwa slivu, dawa zikishindwa, anaweza kubadilishiwa kuwa baipasi.

Jikoni na kitandani

Hapa familia ina kazi kubwa. Mpakulieni mgonjwa kwenye kisahani, aanze na samaki, kuku au maharage, kisha tonge dogo la ugali, akitafuna polepole. Sombe si tatizo. Mafuta mengi ya mawese ndiyo tatizo. Pilipili, nyanya, kahawa na chakula cha kukaanga huwasumbua wengi. Soda aiache kabisa. Maji asinywe pamoja na chakula, asubiri kama nusu saa. Na akikataa kuongezewa, msimlazimishe, hata kama ni mgeni wa heshima.

Asilale kabla ya masaa matatu kupita tangu ale. Kwa anayetoka kazini usiku wa manane, hili ni gumu kweli: bora ale wakati wa mapumziko ya zamu, si akifika nyumbani. Inueni miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa vipande imara vya mbao. Mito peke yake hukunja tumbo na kuongeza shinikizo.

Dawa

Omeprazole humezwa kama nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Huuzwa dukani bila cheti cha daktari, lakini usiitumie miezi mingi bila daktari: huweza kupunguza vitamini B12 na madini ya chuma, ambavyo upasuaji wenyewe tayari hupunguza. Ibuprofen iepuke, hasa baada ya baipasi, kwani huleta vidonda. Sigara pia. Kama ulifanyiwa slivu, muulize daktari lini upimwe umio kwa kamera, hata kama huna maumivu, maana tindikali huweza kuharibu ukuta wake taratibu.

Msisubiri

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama, kutapika kusikokoma: nendeni hospitali mara moja. Maumivu ya kifua yanayobana, pigeni 911. Huenda ni moyo.

Na lugha isikuzuie: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ni msingi wa haki yako ya mkalimani bila malipo katika hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu. Usimtume mtoto wako akutafsirie habari za tumbo lako. Ukifika mapokezi, omba mkalimani wa Kiswahili kabla hujajaza karatasi yoyote.