Meno ya pinyo: moto ya koperative ipande na mzigo

Ndugu wanachama, swali hili linarudi karibu kila msimu katika mikutano: moto haipandi tena na mzigo, tuiuze tununue kubwa? Mwenye sanduku anasema pesa haiko. Motari anasema injini imechoka. Wengine, kwa sauti ya chini, wanasema ni motari mwenyewe ndiye amechoka. Somo la leo ni juu ya kitu cha bei ndogo ambacho inafaa kukiangalia mbele ya kuuza chochote.

Kuna koperative moja tunayoitembelea. Wanalima birayi na mashu upande wa Kibumba, na depo yao iko Majengo, hapa Goma. Moto yao ni ya 125, kama zile ambazo motari wengi wa mji wanaendesha. Katika msimu mmoja iliunguza disike za ambreyaji mara mbili. Mara ya pili wanachama walikwisha anza kuongea juu ya kukopa pesa kwa ajili ya moto nyingine, na deni hilo lingelipwa na birayi ambayo bado ilikuwa udongoni.

Mtu wa Majengo atatuuliza: Kibumba iko juu, Goma iko chini, mzigo unashuka, sasa shida iko wapi? Hata chukudu inashuka na mashu yake bila injini, mwenyewe anakanyaga kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma, basi, amefika. Ni kweli. Lakini chukudu inarudi tupu na inasukumwa. Moto inarudi na mifuko ya mbegu, mbolea, na mara nyingi mama mmoja juu ya ile mifuko. Tena, mbele ya kufika kwenye lami, birayi inatoka shambani kwa njia ya mawe ya volkano na matope, na fasi nyingine njia hiyo inapanda wima. Ni pale ambapo disike zinaungua, si kwenye lami.

Tulimwomba motari wao atuonyeshe namna anavyopanda. Na vitesi ya pili injini ilikuwa inakufa. Akirudi ya kwanza, kwenye mawe makubwa bado ilikuwa nzito, basi anashika ambreyaji nusu, anatia gaz, anaachilia kidogo, anashika tena. Tukasikia harufu ile ya kuungua. Pale hatukuona injini imekufa wala motari mbaya. Tuliona moto iliyopangiwa njia nyingine.

Kumbukeni, mtu anayetengeneza moto kiwandani hajui Kibumba. Anaipanga kwa mtu mmoja au wawili, kwenye barabara ya kawaida, chini karibu na bahari. Sisi hapa, maji ya ziwa Kivu peke yake yako kwenye mita 1,460 juu ya bahari, na mashamba yako juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inakula hewa pamoja na esansi. Kwa hesabu ambayo mafundi wanatumia, injini inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo mbele ya kupakia hata mfuko mmoja, moto ya Goma imekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Mwenzetu wa Mombasa mwenye moto ileile anaanza na nguvu yote.

Sasa tuje kwenye meno. Mbele, pale cheni inapotoka kwenye injini, kuna gurudumu dogo la chuma lenye meno: hilo ni pinyo. Nyuma, kwenye gurudumu, kuna kubwa: kurone. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaziita zote mbili sproketi. Chukua meno ya kurone, gawanya kwa meno ya pinyo. Tuseme kurone iko na meno 42 na pinyo 14: 42 kwa 14 inatoa 3. Maana yake, pinyo inazunguka mara 3 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara 1.

Ukitoa pinyo ya 14 ukaweka ya 13, hesabu inakuwa 42 kwa 13, yaani 3.23. Sasa injini inazunguka zaidi kwa safari ileile ya gurudumu, kila mzunguko unabeba kazi ndogo, na nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu inaongezeka karibu 8 kwa 100. Ni kama mtu mwenye mfuko wa kilo 100: akiugawa katika safari mbili atatembea zaidi, lakini mgongo utapona. Injini haikupata nguvu mpya. Hilo tunalirudilia kwa sababu fundi mmoja alisikika akisema eti pinyo ndogo inageuza 125 kuwa 150. Apana. Unachopata kwenye mlima unakilipa kwenye tambarare.

Malipo yenyewe ni haya. Kwa mwendo uleule ambao zamani injini ilizunguka mara 4,000 kwa dakika, sasa itazunguka karibu mara 4,300. Mwendo wa juu kabisa unapungua, kelele inaongezeka, na kwenye lami tupu esansi inaweza kuongezeka kidogo. Kwenye mlima na mzigo mara nyingi haiongezeki, kwa sababu motari haungulizi tena ambreyaji wala hafungui gaz yote bure. Wale wanaokimbia mashindano na moto za mbio wanafanya hesabu hiihii: kila uwanja na meno yake, uwanja wenye kona nyingi unataka kurone kubwa, wenye mstari mrefu unataka ndogo. Wao wanatafuta sekunde, sisi tunatafuta kufika na birayi.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui: jino moja mbele lina uzito karibu sawa na meno matatu nyuma. Ukiacha pinyo ya 14 ukaweka kurone ya 45, unapata 3.21, karibu sawa na ile 3.23. Kwa hiyo kuna njia mbili za kufika fasi moja. Pinyo ni ya bei ndogo na inabadilishwa haraka. Lakini pinyo ndogo inakunja cheni kwa nguvu zaidi, na meno yake machache yanakutana na cheni mara nyingi zaidi, ndiyo maana inaisha mbele ya wakati. Sisi hatushauri kushuka chini ya meno 12 kwenye moto hizi. Kurone kubwa inadumu vizuri zaidi, ila inagharimu zaidi na mara nyingi inadai cheni ndefu.

Hapa tuseme na kosa letu. Pale Majengo tulikuwa na haraka, motari alitaka kurudi siku ileile, tukawaambia wafanye vyote viwili: pinyo 13 na kurone 45. Hesabu ikatoka 3.46, zaidi ya 15 kwa 100 kwa mara moja. Shambani moto ilipanda kama mbuzi, kila mtu akacheka kwa furaha. Kesho yake motari alishuka kwenye lami na injini ikawa inalia tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho, magari yote yakimpita. Baada ya juma moja akaturudishia funguo, akasema yeye hawezi kuendesha mashine ya kusaga. Alikuwa na haki. Tukarudisha kurone ya 42, tukaacha pinyo ya 13, na ndivyo moto ile inavyotembea hata leo. Badilisheni kitu kimoja, pimeni, ndipo mwamue kingine.

Kupima si kazi ya macho. Jazeni tanki mpaka shingoni, fanyeni safari ya kawaida na mzigo wa kawaida, jazeni tena na mwandike ni lita ngapi zimeingia. Fanyeni hivyo mara tatu mbele ya kubadilisha na mara tatu baadaye, njia ileile, motari yuleyule. Tuseme zamani safari ilikula lita 1 na nusu na sasa ni lita 1 na desilita 6. Hiyo desilita moja muiweke kando ya bei ya disike na kazi ya fundi, na siku ambazo moto ililala garaji wakati mashu yanaoza. Mwenye sanduku ataona mwenyewe, hamtahitaji kupiga kelele mkutanoni.

Si kila moto inadai mabadiliko. Kama yenu inapanda na vitesi ya pili bila kushika ambreyaji, iacheni. Kama kazi yake ni kutoka depo ya Majengo mpaka soko la Virunga au Birere na kurudi, pinyo ya kiwanda inatosha kabisa. Koperative yenye moto mbili inafaa iwe na moja ya mlima na moja ya mji, kuliko mbili ambazo haziwezi kazi yoyote vizuri.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mbele ya kwenda kununua, hesabuni meno kwa kidole, moja moja, mkitia alama ya chaki pale mlipoanzia. Msimwamini muuzaji, wala sisi: moto mbili za jina moja zinaweza kuja na meno tofauti. Tazameni pia namba ya cheni iliyoandikwa kwenye pande zake. Nyingi za moto hizi zinatumia 428, na pinyo ya 520 haitaingia hata mkipiga nyundo. Bebeni pinyo ya zamani mkononi, muilinganishe na mpya kwenye tundu la katikati.

Zima moto, ngoja ipoe, isimamishe kwa stande ya katikati. Fungua kifuniko cha upande wa cheni, toa matope yote. Kwenye moto nyingi ndogo pinyo inashikwa na bamba dogo lenye bolti mbili. Zilegeze wakati cheni bado iko, mtu mwingine akikanyaga fren ya nyuma, la sivyo pinyo itazunguka tu na ufunguo wako. Kisha legeza nati ya ekseli ya nyuma, sukuma gurudumu mbele, toa cheni, badilisha pinyo.

Mkitoka 14 kwenda 13, cheni itaonekana imelegea kidogo, na gurudumu litarudi nyuma kama milimita 3. Ni kidogo, cheni ileile inatosha. Mkiongeza meno matatu kwenye kurone, gurudumu linakwenda mbele karibu milimita 9 au 10, na hapo angalieni kama nafasi ipo. Cheni ikiwa na klipsi, upande wake uliofungwa utazame kule cheni inakokimbilia. Klipsi iliyowekwa kinyume imekwisha kuachia cheni nyingi njiani.

Vuta gurudumu mpaka alama za kushoto na za kulia zilingane. Kisha sukuma cheni katikati juu na chini: kwenye moto hizi kwa kawaida inafaa icheze kama milimita 20 hadi 30, lakini kitabu cha moto yenu ndicho kinachoamua. Nyongeza yetu kwa wabeba mzigo: keti watu wawili juu yake na upime tena, maana moto ikishuka chini ya mzigo cheni inabadilika. Ikikazwa sana itakula beringi ya pinyo, na beringi hiyo iko ndani ya injini.

Mkikuta meno ya zamani yamekwisha pinda kama ndoana, msibadilishe pinyo peke yake. Cheni iliyovutika inakula pinyo mpya katika muda mfupi. Hapo nunueni vitatu pamoja, cheni, pinyo na kurone, hata kama inauma.

Na neno juu ya kushuka. Moto yenye pinyo ndogo inazuia vizuri zaidi na injini, kwa hiyo kutoka Kibumba motari ashuke na vitesi, asitegemee fren peke yake. Lakini fren, mareyo na tairi ni vilevile vya zamani. Moto kupanda na mfuko wa ziada si ruhusa ya kuushusha. Tulimwona kijana mmoja karibu na Kibati, mareyo manne ya nyuma yamekatika, birayi zimetawanyika kwenye lami, na watoto wakizikusanya, hatujui kwa ajili ya nani.

Ile pinyo ya 14 msiitupe wala msimwachie fundi. Kuibadilisha na ya 13 hakudai cheni nyingine, kwa hiyo wakati wa kupandisha mbegu mnaweka 13, na kama msimu mwingine moto itafanya kazi ya mji tu, mnarudisha 14. Pakeni grisi, ifungeni katika kitambaa, na mwandike juu yake tarehe na kilomita zilizokuwa kwenye kompta siku mliyoitoa.