Matanga Yakiisha, Nani Anabaki na Mfiwa?

Wanachuo wenzangu, nilikuwa kidato cha pili baba alipofariki, nyumbani kwetu Malindi, Lushoto. Matanga yalijaa watu. Yalipoisha, kila mtu akarudi kwenye viazi na kabichi zake, nami nikarudi shule na neno moja la wajomba: "Jikaze, wewe ndo mwanaume sasa." Nikajikaza kweli, ila daftari sikufungua wiki tatu.

Mwalimu wa ushauri nasaha akaniita ofisini. Nilijua ni viboko tu. Akaniuliza, "Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamsimulia alivyokuwa akinifichia peasi zilizoiva. Hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mwalimu hakuninyamazisha. Wiki iliyofuata akaniita tena.

Leo nasoma ualimu, na nimeelewa kwamba yale hayakuwa maongezi tu. Mwanasaikolojia wa Marekani, J. William Worden, ambaye kitabu chake kuhusu ushauri kwa wafiwa kilitoka mara ya kwanza 1982, anataja kazi nne za mfiwa: kukubali kwamba marehemu harudi, kuyapitia maumivu, kuzoea maisha bila yeye, na kubaki na kumbukumbu yake huku maisha yakiendelea. Mshauri hamfanyii mfiwa kazi hizo. Anakaa naye wakati anazifanya.

Jambo hili linatuhusu sana sisi walimu watarajiwa. Tarehe 6 Mei 2017, ajali ya basi huko Karatu iliua wanafunzi 32 wa shule moja ya Arusha. Wenzao walibaki na nafasi tupu darasani. Ungekuwa mwalimu wao, ungewaambia nini?

Kwanza, usimdanganye mtoto kwamba marehemu "amesafiri", atamsubiri. Pili, mtaje marehemu kwa jina. Tatu, asipotaka kusema, usimlazimishe, mwambie utakuwepo. Nne, akikosa usingizi au chakula kwa muda mrefu, au akisema heri naye afe, usibaki naye peke yako. Shirikisha familia na mfikisheni hospitali haraka.

Karibu tutakwenda mazoezi ya kufundisha. Ukimkuta aliyefiwa anasinzia dawati la nyuma, usianze na fimbo. Muulize habari za mtu wake, halafu nyamaza, msikilize.