Maumivu ya Shingo: Kukandwa Peke Yake Hakutoshi

Shingo ni kiungo chembamba chenye kazi kubwa. Ndani yake mna mifupa saba, na juu yake kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo 5 hivi. Mtu akikaa wima, mifupa ndiyo ichukuayo uzito huo. Akiinama kupalilia mpunga, kichwa hutoka mbele ya mifupa, na misuli ya shingo na mabega hukivuta nyuma saa baada ya saa kisianguke.

Hapa Munje twaongeza mzigo juu yake. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Bomba za mkono za Afridev, zilizojaribiwa katika Kwale yetu miaka ya 1980, zimeyaleta maji karibu kuliko zamani, lakini toka bombani hata jikoni wanawake wengi bado huyachukua kichwani. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Kenya na wenzake walieleza jinsi walivyopima pumzi za wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wenye mizigo. Waliona ya kuwa mwanamke aliyezoea aweza kuchukua sehemu ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Sifa kubwa hiyo. Lakini sehemu ya tano ya mwanamke wa kilo 55 ni kilo 11, nao mtungi ni karibu mara mbili yake. Tena walichopima ni pumzi, si shingo.

Maumivu yakipita miezi mitatu huhesabiwa kuwa ya kudumu. Mama mmoja mkulima alikuja mezani kwangu kuandikisha mbegu, nikaona ya kuwa ili kunitazama hageuzi shingo, hugeuza mwili mzima. Aliniambia yapata mwaka sasa. Kila juma hukandwa kwa mafuta ya nazi, hupata nafuu siku mbili, kisha maumivu hurudi. Alikwisha kuuza kuku kwa ajili ya kukandwa, na palizi la muhogo lilikuwa limemshinda.

Mama huyo hakukosea kukandwa. Kukanda hulegeza misuli iliyokaza, huiletea damu na joto, na mtu huweza kugeuza kichwa. Ila misuli iliyo dhaifu haipati nguvu kwa kukandwa, na kesho mtungi ni ule ule. Mwaka 2001 waganga wa Marekani walitangaza matokeo ya watu 191 wenye maumivu ya shingo ya kudumu. Wengine walitibiwa kwa mikono tu, wengine kwa mikono pamoja na mazoezi, na wengine kwa mazoezi ya mashine. Walipoangaliwa baada ya miaka miwili, waliofanya mazoezi walikuwa na hali njema kuliko waliotibiwa kwa mikono tu. Huko Finland nako, mwaka 2003, ilionekana kwa wanawake 180 wa kazi za ofisini ya kuwa waliotia nguvu misuli ya shingo kwa mwaka mzima walipungukiwa sana na maumivu.

Basi anza na kukandwa. Kitambaa cha maji ya moto kiwekwe mabegani dakika kumi, kisha mkandaji atumie vidole gumba na viganja, polepole, toka chini ya kisogo hata mabegani. Asikanye koo wala mbele ya shingo. Asivute kichwa, wala asikizungushe kwa nguvu mpaka kilie "ka!" Mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo hupita humo, nayo yaweza kuchanika.

Misuli ikiisha kulegea, fanya haya. Lala chali mkekani, inamisha kidevu kidogo kama mtu anayeitikia "naam", bila kuinua kichwa, uhesabu mpaka kumi. Rudia mara kumi. Kisha keti wima, weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa dhidi ya mkono, lakini kichwa kisisogee. Hesabu mpaka tano. Fanya hivyo kulia, kushoto na kisogoni, mara tano kila upande. Mwisho shika chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, uinue mabega kuelekea masikioni na kuyashusha taratibu, mara kumi na tano. Zoezi la kwanza ni la kila siku; hayo mengine mara tatu kwa juma. Maumivu kidogo yanayokwisha kesho yake si neno. Yakizidi siku hata siku, punguza. Usitazamie mengi kabla ya majuma sita, na wengi huacha katika juma la tatu.

Wako wasiofaa kukandwa kabisa. Mgema au mkwezi aliyeanguka mnazini asikandwe shingo wala asiketishwe. Alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa kizuiliwe kwa nguo zilizokunjwa pande mbili, apelekwe Hospitali ya Msambweni. Mfupa uliovunjika ukisukumwa waweza kukata uti wa mgongo, na mtu aliyekuwa akisogeza miguu asiisogeze tena. Vile vile mwenye homa na shingo ngumu, mwenye ganzi au udhaifu wa mikono, anayeyumba akitembea, asiyeweza kuzuia mkojo, au anayekonda na kutoka jasho usiku: huyo wa mwisho huenda ana kifua kikuu cha mifupa, nacho chatibika kwa dawa, si kwa mafuta. Hao waende hospitali kwanza.

Mama yule nilimwonyesha mazoezi hapo hapo ofisini, foleni ikacheka. Nikamwambia pia achukue mitungi ya lita 10, aende mara mbili. Akajibu kwamba safari mbili ni muda wa nani? Neno lake ni kweli. Lakini nyumba nyingi hapa zina baiskeli iliyoegemezwa ukutani tangu asubuhi, nayo hubeba mitungi mitatu bila kuumwa shingo. Mwenye baiskeli ndiye wa kuulizwa.