Kula, kunywa na kutoka usiku Tokyo na Osaka bila kumaliza fedha

Wengi wanaopanga likizo ya Japani huogopa bei ya chakula kuliko kitu kingine. Lakini katika miji ya Tokyo na Osaka, mlo wa moto wa bei nafuu unapatikana karibu na kila kituo cha treni. Fedha huisha usiku: kwa kiti ulichokalia, saa uliyoondoka na usafiri wa kurudi hotelini. Kwa hiyo bajeti nzuri huanza na usiku, ndipo yafuate mengine.

Mwaka 2024 na 2025 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa yeni 140 hadi 160 hivi, yaani yeni 1,000 ni kati ya dola sita na saba. Bei za hapa ni za makadirio ya kipindi hicho.

Mlo mkubwa uwe wa mchana

Migahawa mingi, hata ile ya gharama kubwa usiku, mchana huuza seti ya wali, supu, kitoweo na achari kwa yeni 1,000 hadi 1,500. Ukitamani mgahawa wa hadhi, nenda saa sita mchana, si saa mbili usiku.

Kwa bei ya chini zaidi kuna gyudon, wali uliofunikwa kwa vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe, unaouzwa kwa takriban yeni 500 katika migahawa ya Yoshinoya, Sukiya na Matsuya. Bakuli la rameni, tambi za supu, ni yeni 900 hadi 1,200. Sehemu nyingi za rameni unalipa kwanza kwenye mashine iliyo mlangoni, unachukua tiketi, kisha unamkabidhi mhudumu. Tembea na noti za yeni 1,000, kwa sababu baadhi ya mashine hizo hazipokei noti kubwa wala kadi.

Asubuhi, duka la 7-Eleven, Lawson au FamilyMart litakupa tonge la wali lenye samaki ndani kwa yeni 150 hadi 200, pamoja na kahawa. Karibu na saa za kufunga, supermaketi hubandika stika za punguzo kwenye vyakula vilivyopikwa, wakati mwingine hadi nusu bei.

Bakshishi haitolewi, na maji ya kunywa mgahawani kwa kawaida ni bure. Kodi ya mauzo ni asilimia 8 kwa chakula cha kubeba, asilimia 10 kwa chakula unachokaa kula na kwa pombe yoyote. Ukiona bei mbili kwenye menyu, utakayolipa ni ile kubwa.

Kwa anayekula halali

Tenga fedha zaidi kidogo, na uulize kabla ya kuagiza. Supu ya rameni ya tonkotsu hutengenezwa kwa mifupa ya nguruwe, na pombe za kupikia, sake na mirin, huingia katika michuzi mingi, hata ya samaki na mboga. Jijini Tokyo, eneo la Shin-Okubo, kituo kimoja tu kutoka Shinjuku, lina maduka na migahawa ya halali. Msikiti wa Tokyo Camii, karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, nao una duka la vyakula halali.

Bili ya usiku inavyojengeka

Izakaya ni baa ya chakula: watu hukaa, huagiza bia na sahani ndogo ndogo. Ukishakaa huletewa kibakuli cha kitafunwa ambacho hukukiagiza. Hicho ndicho malipo ya kiti, kwa kawaida yeni 300 hadi 500 kwa kila mtu.

Chukua mfano wa watu wawili. Viti yeni 800, bia nne za yeni 550 zinafika 2,200, mishikaki ya kuku na sahani nyingine 3,000. Jumla ni 6,000. Kama menyu iliandika bei kabla ya kodi, bili itakuja 6,600, yaani 3,300 kila mmoja. Wakihamia baa ya pili, kiti hulipiwa upya. Bandu bandu huisha gogo.

Izakaya nyingi hutoa pia mpango wa kunywa bila kikomo kwa dakika 90 au 120, kwa yeni 1,500 hadi 2,500. Mara nyingi meza nzima hulazimika kuingia, na oda hufungwa kabla muda haujaisha. Unakufaa ukinywa glasi nne au zaidi. Asiyekunywa pombe hupata hasara.

Katika vichochoro vya Golden Gai, Shinjuku, kuna baa ndogo zaidi ya 200, na nyingi hutoza kiingilio. Soma ubao wa mlangoni kabla ya kukaa. Klabu za muziki wikendi hutoza yeni 2,000 hadi 4,000, na pasipoti huhitajika, kwani umri wa kunywa pombe ni miaka 20. Katika eneo la Shibuya, Tokyo, tangu Oktoba 2024 ni marufuku kunywa pombe barabarani kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri.

Kabukicho, mtaa wa starehe wa Shinjuku, ina wapiga debe wanaowavuta wageni kwenye baa kwa ahadi ya bei rahisi. Huko ndani bili inaweza kupanda mara nyingi zaidi ya ulichoahidiwa. Usimfuate hata mmoja, hata akiongea Kiingereza kizuri na kwa upole. Na pasipo na bei iliyoandikwa, usikae.

Treni ya mwisho

Treni husimama karibu na saa sita usiku na kurudi kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja alfajiri. Teksi za Tokyo, kwa viwango vilivyoanza Novemba 2022, huanzia yeni 500, na kati ya saa nne usiku na saa 11 alfajiri huongeza asilimia 20. Safari ya kilomita kumi itakugharimu karibu yeni 4,800, wakati treni ingekupeleka kwa yeni 200 hivi.

Hesabu ya wiki moja

Siku ya kawaida: asubuhi 500, mchana 1,200, kahawa na maji 500, chakula cha jioni 1,300. Jumla yeni 3,500.

Siku ya kutoka: asubuhi, mchana na vinywaji vile vile, izakaya 3,300, baa ya pili 2,000. Jumla yeni 7,500.

Siku tano za kawaida na mbili za kutoka zinakuwa yeni 32,500. Ongeza yeni 5,000 za teksi, uziweke kando tangu siku ya kwanza na usizibebe baa kama fedha za kunywa. Ukiwahi treni kila usiku, siku ya mwisho zitakulipia mlo mzuri wa sushi mchana.