Kujumlisha Mvua kwa Kompyuta

Wilaya ya Rungwe, ambamo imo kata ya Nkunga, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi mno. Tukuyu peke yake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mkazi wa Nkunga anayeandika programu ndogo ndogo kwa kujifurahisha hana haja ya kwenda mbali kutafuta jambo la kujaribia. Mwaka 1974, Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, jaribio kama hilo lisingewezekana kijijini. Siku hizi hata simu ya mkononi yatosha.

Chukua mfano wa kipimamvua chenye vikombe viwili vidogo vilivyokaa kama mizani. Kimoja kikijaa hupinduka na kumwaga maji, na cha pili hushika nafasi yake. Kila mpinduko ni sawa na milimita 0.1 ya mvua. Mwandishi wa programu huiagiza kompyuta hivi: anza na jumla ya 0, kila kikombe kipindukapo ongeza 0.1, jumla ikiwa sawa na 1, piga kengele.

Vikombe vyapinduka mara 10. Kengele hailii. Vyapinduka mara 11, mara 20, na bado ni kimya. Programu hiyo ikiandikwa katika lugha ya Python, na kompyuta ikatakiwa kuonyesha jumla baada ya mipinduko 10, jibu huwa 0.9999999999999999.

Kompyuta haikuharibika. Sababu imo katika hesabu za sehemu. Katika kizio cha kumi, 1/4 huandikwa 0.25 na kuishia hapo, lakini 1/3 huwa 0.333... bila mwisho. Desimali huwa na mwisho pale tu ambapo asili ya sehemu iliyorahisishwa imeundwa kwa 2 na 5, vigawo vya 10. Kompyuta hutumia kizio cha mbili, nacho kina kigawo kimoja tu, 2. Basi 1/10, ambayo asili yake ina 5 ndani, haina mwisho humo:

1/10 = 1/16 + 1/32 + 1/256 + 1/512 + ...

Nafasi ya kuhifadhi tarakimu ina kikomo, hivyo kompyuta hukata mahali fulani na kukadiria. Kila jumla mpya nayo hukadiriwa, na tofauti hizo ndogo zaweza kurundikana.

Mtu aweza kusema kwamba kosa dogo kiasi hicho halina madhara. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulishindwa kuzuia kombora la Scud, na askari 28 wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba nzima, bila kosa. Kosa lilikuwa katika kuzigeuza ziwe sekunde: ilizidisha hesabu hiyo kwa 1/10 iliyokatwa ili itoshe katika nafasi ya tarakimu 24 za kizio cha mbili. Upungufu ulikuwa kiasi cha 0.000000095 ya sekunde katika kila sehemu ya kumi. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100, yaani sehemu za kumi 3,600,000. Mwanafunzi azidishe mwenyewe: ni karibu sekunde 0.34, muda ambao kombora hilo lilikwenda zaidi ya nusu kilomita. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Kwa kipimamvua dawa ni rahisi. Programu ihesabu mipinduko yenyewe, 1, 2, 3, na kengele ilie hesabu ifikapo 10. Zikitakiwa milimita, hesabu igawanywe kwa 10 mara moja tu, wakati wa kuandika jibu. Jambo lile lile hufanyika hesabu za fedha zinapowekwa kwa senti.

Zoezi. Badili 0.1 iwe 0.25 na ujumlishe mara 4. Jibu ni 1.0 kamili. Kisha tumia 0.2 mara 5. Hapo pia Python itatoa 1.0, ingawa 1/5 haina mwisho katika kizio cha mbili. Iagize kompyuta ionyeshe jumla baada ya kila hatua, uitazame kwa makini hatua ya tatu, kisha ueleze kilichotokea.