Kalamu Ikiwa Ugenini

Leo tujifunze habari za kisiwa cha Taiwan. Kiko karibu na China na kina watu kama milioni 23. China yasema kisiwa hicho ni mali yake. Nchi yetu inaitambua China. Lakini wengi kule Taiwan wanataka kuamua mambo yao wenyewe.

Tangu 1949 mpaka 1987 Taiwan ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi. Mwaka 1964 mwalimu wa chuo kikuu, Peng Ming-min, alikamatwa pamoja na wanafunzi wake wawili. Kosa lao? Waliandika tangazo la kudai haki ya wananchi. Mwaka 1970 alitoroka, akafika Sweden, halafu Marekani.

Huko Marekani, mwaka 1982, Wataiwan walianzisha chama kiitwacho FAPA. Hawakushika bunduki. Walishika kalamu. Waliwaandikia wabunge wa Marekani, wakawafuata hata ofisini. Waliomba sheria ya kijeshi iondolewe na kisiwa kisivamiwe.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Serikali ya Taiwan iliandika orodha ya wapinzani walio nje. Aliyemo hakuruhusiwa kurudi kwao, hata akifiwa na mzazi.

Peng alirudi mwaka 1992. Mwaka 1996 wananchi walimchagua Rais kwa kura zao kwa mara ya kwanza. Peng aligombea, akashindwa. Lakini kura aliyoidai ilipigwa.

Tujadiliane:
1. Kwa nini Peng alikamatwa?
2. Barua yaweza kufanya nini?
3. Ndugu yetu aliye mbali aweza kutusaidia vipi kijijini?